Jiwe, wino na mfalme wa peasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za kejeli za kuchapwa

Picha ya kejeli ya kuchapwa ni nini, na ina tofauti gani na katuni ya gazetini?

Ni picha iliyochongwa, kuchimbwa au kuchorwa juu ya kitu kigumu kama ubao, lino, bamba la shaba au jiwe, kisha ikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, na anayelengwa ni mwenye mamlaka. Katuni ya gazetini ni mjukuu wake. Mchora katuni wa leo anakabidhi mchoro, kazi ya kuchapa inafanywa na wengine. Mchapaji wa kejeli anatengeneza chapa mama, ile inayozaa nakala.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka polisi wabishe hodi. Mchoro mmoja ukichukuliwa, umeisha. Nakala moja ikichukuliwa, nyingine mia tano ziko mifukoni mwa watu. Kwa hiyo mwenye mamlaka anayejua kazi yake haanzi na karatasi, anaulizia jiwe liko wapi.

Kwa nini mazungumzo haya huanzia Paris ya miaka ya 1830?

Kwa sababu mambo kadhaa yaligongana pale kwa wakati mmoja. Mapinduzi ya Julai 1830 yalimweka Louis-Philippe kwenye kiti cha ufalme wa Ufaransa, na katiba yake mpya ikaahidi kwamba udhibiti wa maandishi hautarudishwa kamwe. Lithografia, iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani miaka ya mwisho ya karne ya 18, ilikuwa imeshazoeleka katika karakana za jiji. Na akatokea mtu mmoja mkorofi mwenye akili ya biashara, Charles Philipon, aliyeanzisha gazeti la La Caricature Novemba 1830 na Le Charivari Desemba 1832. Kati ya wachoraji aliowakusanya alikuwemo kijana mzaliwa wa Marseille, Honoré Daumier, ambaye kabla ya kufa mwaka 1879 alikuwa amechora takriban lithografia 4,000.

Lithografia ndiyo iliyotia moto. Kuchora shaba kwa patasi ni kazi ya wiki kadhaa, na habari haingoji wiki kadhaa. Juu ya jiwe mchoraji anatumia kreyoni kama anavyotumia kwenye karatasi. Akichora leo, kesho kutwa picha inaning'inia dukani.

Picha ya Daumier ya "Gargantua" inaonyesha nini hasa hata mtu akafungwa?

Itazame kuanzia kulia. Pale pamesimama maskini wa Paris, nguo zimechanika, mama mmoja ana mtoto mchanga, na sarafu zao zinatiwa vikapuni. Vikapu vinabebwa na wapagazi wadogo kama siafu, wanapanda ubao mrefu unaotoka chini hadi kwenye mdomo wa jitu. Jitu hilo lina tumbo kubwa na kichwa chembamba juu, kipana chini: ni Louis-Philippe. Anameza. Chini ya ubao wako vibwanyenye wanaookota sarafu zinazodondoka. Kisha ukitazama kiti cha enzi vizuri unagundua ni kiti cha msalani, na chini yake zinatoka karatasi za vyeo na nishani, ambazo waheshimiwa wanazigombania mbele ya jengo la Bunge.

Jina limetoka kwa jitu lafi la hadithi za Kifaransa. Picha ilitoka Desemba 1831, wakati posho ya mfalme ikiwa gumzo la mji. Daumier alihukumiwa Februari 1832 miezi sita jela na faini ya faranga 500, na mwenye duka na mwenye mashine ya kuchapia wakahukumiwa pamoja naye. Hukumu iliahirishwa, yeye akaendelea kuchora, na Agosti 1832 akapelekwa gereza la Sainte-Pélagie. Ikaamriwa pia jiwe livunjwe.

Kwa anayejifunza, utamu wa picha hii uko kwenye mwelekeo mmoja wa macho. Unaingia kulia kwa jasho la maskini, unapanda ubao, unapita tumboni, unatokea chini kwa vyeo. Hakuna haja ya maelezo. Asiyejua kusoma anaielewa sawasawa na wakili.

Na habari ya peasi?

Hiyo ni ya Philipon. Novemba 1831 alikuwa kizimbani kwa picha iliyomwonyesha mfalme kama fundi wa kupiga plasta, akifuta ukutani ahadi za mapinduzi. Hoja ya mashtaka: yule fundi amefanana na mfalme. Philipon akachukua kalamu mbele ya mahakama na kuchora vichwa vinne. Cha kwanza ni Louis-Philippe wazi kabisa. Cha pili mashavu yamelegea. Cha tatu ni nusu mtu nusu tunda. Cha nne ni peasi, majani na kikonyo. Hoja yake ilikuwa kwamba kama kufanana ni kosa, basi mahakama italazimika kuyashtaki mapeasi yote ya Ufaransa.

Alipigwa miezi sita na faini ya faranga 2,000 vilevile. Lakini peasi likawa limeshatoka mkononi mwa mahakama. Kwa Kifaransa cha mtaani neno hilo lina maana ya mtu zuzu, kwa hiyo tusi na umbo vilikaa pamoja. Watoto walilichora ukutani kwa mkaa. Mwaka 1834 Le Charivari lilipolazimishwa kuchapa hukumu iliyotolewa dhidi yake, lilipanga herufi za hukumu hiyo zikafanya umbo la peasi.

Anayetaka kubuni alama ya kejeli na ajifunze hapa. Alama nzuri inachorwa na mtoto kwa mistari mitatu. Ukihitaji dakika kumi kuichora, watu hawataisambaza.

Jiwe linafanyaje kazi? Mbona halina mchongo wowote?

Swali zuri, kwa sababu wengi hudhani lithografia ni kuchonga jiwe. Hakuna kinachochongwa. Uso wa jiwe unabaki bapa, na siri nzima ni kwamba mafuta na maji havipatani.

Jiwe lenyewe ni la chokaa, na lililosifika zaidi linachimbwa Solnhofen, Bavaria. La kijivu ni gumu na hubeba mistari myembamba vizuri kuliko la njano. Hatua ni hizi, kwa ufupi unaoruhusiwa:

Kwanza unasaga uso wa jiwe kwa maji na unga wa kabidi ya silikoni, ukianza na chenga kubwa (namba 80), kisha 180, kisha 220. Ukibadilisha namba, suuza jiwe na meza kabisa. Punje moja ya namba 80 iliyobaki itakuachia mkwaruzo utakaochapa kwenye kila nakala. Kupima kama jiwe ni bapa, lalisha rula ya chuma juu yake na uweke vipande vya karatasi nyembamba chini ya rula, katikati na pembeni. Kipande kinachovutika kirahisi kinakuonyesha palipobonyea.

Unachora kwa kreyoni ya grisi, ambayo kwa asili ni mchanganyiko wa nta, sabuni, shahamu na masizi. Picha unaichora kinyume, kama kwenye kioo. Mkono usiguse jiwe, maana jasho la kidole lina mafuta na mafuta yanachapa. Weka kibao kidogo cha daraja cha kuegemeza mkono.

Ukimaliza, paka unga wa rosini halafu poda ya talki, kisha mimina gamu ya mgunga iliyotiwa matone ya asidi ya nitriki. Kwa mililita 30 za gamu, matone 5 yanatosha mchoro hafifu, na 12 hadi 15 mchoro mzito mweusi. Asidi inatiwa kwenye gamu, na dirisha liwe wazi. Asidi haichimbi picha. Kazi yake ni kuifanya gamu ing'ang'anie sehemu zisizochorwa, ili zipende maji na zikatae mafuta. Acha saa moja angalau, usiku mzima ni bora.

Baada ya hapo unafuta mchoro kwa tapentaini. Hapa wanafunzi hushtuka, kwa sababu picha inapotea mbele ya macho yao. Haijapotea, mafuta yake yameshaingia kwenye jiwe. Lowesha jiwe kwa sponji, pitisha rola yenye wino mzito, na picha inarudi yenyewe: wino unashika palipochorwa, maji yanaukataa kwingine. Lowesha, rola, lowesha, rola. Kisha karatasi, kisha mashine yenye ubao wa kukwangua unaopita juu kwa kishindo.

Nini huharibika zaidi kwenye jiwe?

Jiwe kukauka wakati rola iko juu. Sekunde chache tu bila maji, wino unashika kila mahali na picha inapata ukungu wa kijivu. Ukilihisi linaanza kukauka, usiongeze wino. Acha rola, lowesha, halafu pitisha rola haraka haraka bila kukandamiza. Ukungu mwepesi hunyanyuka. Ukikataa, rudia gamu yenye asidi kidogo.

La pili ni rangi za kijivu laini kutoweka, kwa sababu asidi ilizidi. Hilo halina dawa, mchoro umeungua. La tatu ni jiwe kupasuka katikati ya mashine, mara nyingi jembamba kuliko sentimita 5 au lililowekwa juu ya punje ya mchanga.

Picha ya "Rue Transnonain" haichekeshi hata kidogo. Kwa nini inaitwa kejeli?

Haichekeshi, kweli, na Daumier hakukusudia ichekeshe. Aprili 1834 wakati wa ghasia za Paris, askari waliingia nyumba namba 12 ya mtaa huo wakidai wamefyatuliwa risasi kutoka humo, wakaua wakazi. Daumier hakuchora askari. Hakuchora bunduki. Alichora chumba asubuhi, baada ya mambo kwisha. Mwanamume wa makamo, shati la kulalia limepanda juu ya mapaja, kofia ya usingizi bado kichwani, ameteleza kutoka kitandani na kuegemea godoro. Chini yake, ukichelewa kidogo kutazama hutamwona, kuna mtoto mchanga aliyelaliwa na mwili huo. Kushoto gizani yuko mwanamke. Kulia pembeni kichwa cha mzee kimekatwa na ukingo wa picha. Kiti kimepinduka.

Mwanga ndio unaoshtaki. Weupe wa shati ni jiwe lenyewe lisiloguswa na kreyoni, na weusi wa sakafu umejengwa kwa kreyoni tabaka juu ya tabaka. Kejeli iko kwenye kichwa cha picha: jina la mtaa na tarehe, basi, kama ripoti ya polisi.

Serikali ilitafuta nakala na kuzichukua, na jiwe likachukuliwa pia. Nakala zilizosalia leo ziko katika makumbusho mengi makubwa.

Faini hizo zote zililipwa na nani?

Na wasomaji. Mwaka 1832 Philipon alianzisha L'Association mensuelle, chama cha waliojiandikisha kulipa kila mwezi na kupokea lithografia moja kubwa kwenye karatasi nzuri. Fedha zilikwenda kwenye faini na gharama za kesi. Picha 24 zilitoka kwa mtindo huo, na "Rue Transnonain" ndiyo ya mwisho. Kabla yake, mwaka huohuo wa 1834, ilitoka "Le Ventre législatif", yaani tumbo la kutunga sheria: wabunge wamekaa safu kwa safu kama matenga ya nazi, wengine wamesinzia.

Sura za wabunge hao Daumier hakuzibuni kichwani. Alifinyanga vichwa vidogo vya udongo usiochomwa, akavipaka rangi, akavitumia kama mfano wa kuchorea. Vilivyosalia 36 viko Musée d'Orsay, Paris. Aliyezoea vikaragosi vya The XYZ Show kwenye runinga za Kenya atajisikia nyumbani akivitazama.

Ilikuwaje wakanyamazishwa?

Julai 1835 kulitokea jaribio la kumuua mfalme kwa bunduki ya mitutu mingi. Septemba 9 ikapitishwa sheria: maandishi yaendelee, lakini hakuna mchoro, lithografia wala nembo itakayotolewa bila kibali. Hoja ya serikali ni ya kutazamwa vizuri. Ilisema katiba inalinda maoni, na picha si maoni, ni kitendo, kwa sababu inasema na macho moja kwa moja. Yaani serikali ilikiri hadharani kwamba picha ina nguvu kuliko makala.

La Caricature lilikuwa limeshafungwa Agosti. Daumier alihamia kwa mawakili, mahakimu, wenye nyumba na matapeli wa hisa. Watu husema alirudi nyuma. Sisi hatuoni hivyo. Hakimu anayepiga miayo huku mjane akilia bado ni picha ya mamlaka, ila haina taji.

Goya naye anaingia wapi?

Francisco Goya, mchoraji wa Hispania, anaingia kama funzo la tahadhari. Februari 1799 alitangaza gazetini Madrid mkusanyo wa "Los Caprichos", picha 80 zilizochimbwa kwa asidi, bei reale 320, zikiuzwa kwenye duka la manukato na vinywaji. Picha namba 39 ni punda aliyevaa vizuri, amefungua kitabu cha ukoo wake: kila ukurasa ni punda. Namba 42 ni wakulima wawili wamebeba punda mgongoni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani.

Ziliuzwa seti 27 hivi, akaziondoa sokoni. Mwaka 1803 alimkabidhi mfalme mabamba yote na seti 240 zilizobaki, mwanawe akapewa posho. Ni njia nyingine ya chapa mama kuishia ikulu, hii ya sukari.

Kiufundi Goya alitumia akwatinti. Bamba la shaba linanyunyiziwa vumbi la rosini, linapashwa moto vumbi ligande, kisha linatumbukizwa kwenye asidi. Inapenya kati ya punje na kuacha kijivu laini kama moshi. Ubaya wake ni kwamba kijivu hicho huchakaa. Baada ya nakala mia chache giza la usiku limeshakuwa la alfajiri. Ndiyo sababu nakala za Goya zilizochapwa baada ya kifo chake zinaonekana zimefifia.

Na yale mafuvu ya Meksiko?

Ni ya José Guadalupe Posada (1852–1913), aliyefanya kazi na mchapishaji Antonio Vanegas Arroyo jijini Mexico. Alichonga madini laini ya herufi, na baadaye akachora juu ya zinki kwa wino unaozuia asidi, akaiacha asidi itafune pembeni ili mistari ibaki juu kama muhuri. Faida: bamba linaingia mashine moja na herufi, picha na mashairi vinatoka kwa pigo moja kwenye karatasi ya bei ya chee.

Fuvu lake lenye kofia ya maua, ambalo leo liko kwenye fulana duniani kote, lilikuwa dhihaka kwa watu waliojitia Uzungu wakaona haya asili yao. Tahadhari moja: siku hizi Posada anaitwa mwanamapinduzi tu, lakini alimcheka hata Madero, kiongozi wa mapinduzi yenyewe.

Sina jiwe, sina mashine. Naweza kuanza na nini?

Lino. Tafuta lino halisi iliyotengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa mbao, nyuma ina kitambaa cha gunia, unene milimita 3 hivi. Zulia la plastiki la sakafuni siyo. Linateleza chini ya patasi na kingo zake hubaki na manyoya. Anza na kipande cha sentimita 15 kwa 20.

Sugua uso kwa msasa laini (namba 400) kuondoa utelezi. Hamisha mchoro kwa karatasi ya kaboni, lakini kwanza geuza mchoro: uweke juu ya kioo cha dirisha mchana, upande wa picha ukielekea nje, na upitishie kalamu kwa nyuma. Kisha koleza alama kwa kalamu isiyofutika, vinginevyo utazifuta kwa kiganja.

Lino ikiwa ngumu, iweke juani dakika kumi au ipitishie pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa. Chonga kwa patasi ya ncha ya V kwanza, ukizunguka umbo. Ndipo utumie ya U kuondoa sehemu pana. Kina cha milimita moja hadi moja na nusu kinatosha, na usifike kwenye gunia. Mkono usiochonga ukae nyuma ya patasi muda wote. Sheria hiyo haina msamaha. Wanaokatwa karibu wote walikuwa wameshika lino kwa mbele.

Kingo za mistari zichongwe zikiwa na mteremko kama kilima, chini pana juu pembamba. Mstari uliochimbwa chini kwa ndani unavunjika nakala ya tano.

Wino: chukua wino wa mafuta wa kuchapia, kijiko cha chai kimoja, utandaze kwenye kipande cha kioo kwa rola. Sikiliza. Ukisikia mlio mwembamba kama mafuta yanayoanza kuchemka, wino uko sawa. Ukisikia kama matope yanavutwa, umezidi. Pitisha kwenye lino mara nyingi kwa tabaka jembamba, kushoto kulia, juu chini.

Karatasi iwe nyembamba na inayonyonya kidogo, gramu 60 hadi 90. Karatasi nene ya manila inataka mashine. Ilalishe, ishike isiteleze, sugua mgongo wake kwa tumbo la mwiko wa mti au upawa, kwa mizunguko midogo, kuanzia katikati kwenda nje. Inua kona moja uchungulie. Palipopauka rudishia, usugue tena. Kwa kipande kidogo unaweza kuweka ubao juu na kuusimamia kwa miguu miwili, bila kucheza.

Wino wa mafuta hukauka siku 3 hadi 7, Pwani kwenye unyevu zaidi. Zianike kwenye kamba kwa vibanio, moja moja. Vyombo visafishe kwa mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni.

Nakala zangu zina madoa meupe kama chumvi.

Wino mchache, au msuguo hafifu, au karatasi ngumu. Nakala mbili tatu za kwanza huwa hivyo hata kwa fundi, lino bado inanywa wino. Zikifika sita na bado, ongeza wino kidogo na lowesha karatasi kwa kitambaa chenye unyevu nusu saa kabla.

Mistari myembamba imezibwa na wino.

Umezidisha, au rola yako ni laini mno inazama kwenye mifereji. Chapa nakala mbili kwenye gazeti la zamani bila kuongeza wino, zitanyonya. Mswaki mkavu unasaidia.

Picha imetoka na kivuli, kama mtu mwenye homa.

Karatasi ilisogea. Tengeneza pembe mbili za kadibodi mezani, moja ya kuegemeza lino na moja ya kuegemeza karatasi.

Maandishi niweke au niache?

Kama picha haisimami bila maandishi, chora upya. Kama inasimama, maneno matatu au manne ya pembeni yanaweza kuinyoa kabisa. Tazama kanga: mji na pindo vinapendeza, lakini kinachompata jirani ni jina. Na kuandika si lazima uandike mwenyewe. Maneno mengi chini ya picha za Daumier yalitungwa na Philipon na wengine.

Kosa la kwanza la wapya ni kubandika majina: "UFISADI" kwenye mfuko, "WANANCHI" kwenye mbuzi. Mfuko ukichorwa vizuri unajieleza. Kosa la pili ni la kuchonga: herufi zichongwe kinyume, na zinazosaliti watu ni N na S, kwa sababu ukizitazama haraka unaona ziko sawa. Kila mara shika kioo cha kujitazamia juu ya lino kabla ya kuanza kuchonga.

Nimdhihaki kiongozi kwa sura yake?

Louis-Philippe hakuchekwa kwa mashavu kwa kuwa mashavu ni kosa. Mashavu yalikuwa mlango wa kuingilia kwenye tumbo, na tumbo lilikuwa kodi. Kilema, ugonjwa, kabila na dini ya mtu havikupeleki popote. Mtazamaji anamhurumia mlengwa, na wewe umempa kinga. Chora anachofanya na cheo: anavyoketi, anachokula, anayembebea mkoba, mlinzi anayemfungulia mwavuli wakati wenye foleni wanalowa.

Wanyama hufanya kazi vizuri kwetu. Nairobi mwaka 2012 kuta zilichorwa tai mzoga aliyevaa suti na kuketi kama mbunge, na kila aliyepita alielewa. Lakini fisi na tai wameshachakaa kidogo. Tafuta kupe.

Sheria inasemaje kwa sasa?

Haya si ushauri wa wakili. Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha Februari 2017 kosa la jinai la kashfa, lakini kudaiwa fidia kwa kashfa kupo palepale. Tanzania, picha ya karatasi na picha hiyohiyo ikiwekwa mtandaoni ni mambo mawili. Ya pili inaangukia pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Popote ulipo, nembo ya taifa na sarafu halisi usizinakili jinsi zilivyo.

Nimepata karatasi ya zamani yenye saini ya Daumier, "h.D." Nitajuaje kama ni ya kweli?

Igeuze. Picha za Le Charivari zilikuwa ukurasa wa gazeti, kwa hiyo nyingi zina maandishi ya gazeti mgongoni, karatasi imekuwa ya manjano na ina alama ya kukunjwa. Zipo pia zilizochapwa kwenye karatasi nyeupe bila maandishi nyuma, na hizo zina bei zaidi. Tazama kwa kioo cha kukuzia: lithografia ina chembe zisizo na mpangilio, kama kreyoni iliyopita juu ya msasa. Ukiona vitone vya duara vimepangwa safu kwa safu, ni nakala ya mashine ya kisasa. Wakusanyaji hutumia namba za orodha ya Delteil, aliyeziorodhesha picha za Daumier: "Gargantua" ni 34, "Rue Transnonain" ni 135.

Ukiona imeandikwa 12/100 kwa penseli, iweke chini. Daumier hakuhesabu nakala zake.

Basi mimi nihesabu zangu?

Kama unauzia wakusanyaji, ndiyo: namba ya nakala, mkwaju, jumla, kwa penseli chini kushoto, saini kulia. Kama unataka zisambae sokoni na stendi, usihesabu, usiweke bei ya kutisha, tumia karatasi ya gazeti, na nakala za kwanza kumi zigawe siku hiyohiyo wino ukishakauka. Lino ihifadhi bapa, imefungwa kwenye karatasi ya nta, mbali na jua, nyumbani kwa mtu mwingine.